Jinsi barafu inavyochonga mwamba na kuacha ushahidi wa njia yake

MKULIMA wa Nambis, katika nyanda za juu za Mbulu na Hanang mkoani Manyara, anaponoa panga lake juu ya jiwe, huacha nyuma yake ushahidi asioukusudia. Jiwe hubaki na mikwaruzo myembamba iliyolala upande mmoja. Mpita njia asiyemwona mnoaji anaweza kuitazama mikwaruzo hiyo na kujua mkono ulikuwa ukienda wapi na ukirudi wapi.

Kwa namna hiyohiyo wanajiolojia husoma mwendo wa barafu iliyoyeyuka maelfu ya miaka iliyopita. Barafu yenyewe haipo tena, lakini mwamba uliokanyagwa nayo umehifadhi alama. Kwa alama hizo hujulikana barafu ilitoka wapi, ilielekea wapi, ilikuwa kubwa kiasi gani na iliondoka lini.

Elimu hiyo inawahusu Watanzania kwa sababu mbili. Kwanza, barafu ya Mlima Kilimanjaro inatoweka, na siku itakapokwisha, miamba ndiyo itakayobaki kusimulia habari zake. Pili, maafa yaliyoupata mji wa Katesh mwaka 2023 yalionyesha kwamba si barafu peke yake inayosomba mawe kutoka mlimani. Tope nalo husomba, na anayejenga chini ya mlima ana haja ya kujua mawe yaliyo kiwanjani mwake yaliletwa na nini.

Theluji inavyogeuka kuwa mto

Mto wa barafu huanza na theluji ya kawaida. Mahali penye baridi kali, theluji inayoanguka mwaka huu haiyeyuki yote kabla ya ile ya mwaka ujao. Tabaka hulala juu ya tabaka, uzito huongezeka, hewa hukamuliwa, na theluji ya chini hugeuka kuwa barafu ngumu.

Barafu hiyo ikifikia unene wa makumi ya mita, haiwezi tena kutulia mahali pamoja. Uzito wake huifanya ijongee taratibu kuelekea bondeni, mfano wa ugali mzito uliomwagwa kwenye sinia lililoinamishwa. Macho hayauoni mwendo huo kwa siku moja, lakini mto wa barafu mlimani unaweza kusogea makumi au hata mamia ya mita kwa mwaka.

Uzito unaohusika ni mkubwa. Mita moja ya ujazo ya barafu ina takriban kilo 900. Kwa hiyo barafu yenye unene wa mita 100 hukandamiza kila mita moja ya mraba ya mwamba kwa uzito unaokaribia tani 90.

Kusugua na kung'oa

Wengi hudhani kwamba barafu huukata mwamba kwa ugumu wake. Sivyo. Barafu tupu ni laini kuliko karibu miamba yote, na peke yake ingeteleza bila kuacha alama ya maana. Kinachokata ni mawe na mchanga ulionaswa kwenye kitako chake.

Mfano wa karibu ni msasa wa fundi seremala. Karatasi yenyewe haiwezi kulainisha ubao. Kazi hufanywa na chembe ngumu zilizogandishwa juu yake, huku mkono wa fundi ukitoa nguvu na mwendo. Katika mto wa barafu, barafu ni karatasi na ni mkono pia. Mawe yaliyonaswa ndiyo chembe.

Jiwe kubwa huchora mfereji, jiwe dogo huchora mchirizi, na vumbi laini hung'arisha. Mwamba unaosagwa hutoa unga mwembamba kama unga wa mtama uliopita kwenye jiwe la kusagia mara nyingi. Unga huo huchukuliwa na maji yanayotoka chini ya barafu, na ndiyo sababu mito inayozaliwa na barafu mara nyingi huwa na rangi ya maziwa.

Njia ya pili ni kung'oa. Barafu inapokutana na kizuizi cha mwamba, msukumo huwa mkubwa upande inakotokea. Msukumo huo huyeyusha barafu kidogo hata kama baridi haijapungua. Maji hupita juu ya kizuizi hadi upande wa pili, ambako msukumo ni mdogo, na huko huganda tena ndani ya nyufa. Barafu inapoendelea na safari, huondoka na vipande vya mwamba vilivyokwisha kulegea.

Kwa hiyo kazi hizi mbili hutegemeana. Kung'oa huipatia barafu mawe, na mawe hayo ndiyo yanayotumika kusugua mwamba ulio mbele.

Hata hivyo, si kila barafu huchonga. Barafu iliyogandamana na mwamba kutokana na baridi kali haitelezi, na isiyoteleza haisugui sana. Ili kazi ifanyike, pahitajika maji kidogo kati ya barafu na mwamba. Maji hayo ndiyo kilainishi cha safari.

Tofauti hiyo inaonekana Kilimanjaro. Barafu bapa ya juu ya Kibo, yenye kuta zilizosimama wima, imekaa mahali palipo karibu tambarare na mwendo wake ni mdogo mno. Mabonde na matuta yaliyo chini ya mlima yanasimulia habari za barafu ya namna nyingine: nene, iliyoteremka miteremkoni na kusomba kila ilichokikuta.

Alama zinazosomwa

Alama ya kwanza ni michirizi juu ya mwamba uliolainishwa. Michirizi mingi ikielekea upande mmoja, mtafiti huipima kwa dira na kupata mstari wa safari ya barafu.

Lakini mchirizi una upungufu wake. Mstari unaotoka mashariki kwenda magharibi unafanana kabisa na unaotoka magharibi kwenda mashariki. Mchirizi hutaja njia, hautaji upande barafu ilikotoka. Ni lazima atafutwe shahidi wa pili.

Shahidi huyo mara nyingi ni nundu ya mwamba. Upande ambao barafu ilitokea huwa umelainishwa na kuinama taratibu, kwa kuwa ulisuguliwa. Upande barafu ilikoelekea huwa na magenge na ncha kali, kwa kuwa vipande viling'olewa hapo. Anayeitazama nundu hiyo kutoka ubavuni anaweza kusema bila kusita barafu ilikuwa inakwenda wapi.

Pengine huonekana pia alama zilizopinda kama mwezi mwandamo, zimepangana moja baada ya nyingine. Hizo ni nyufa zilizotokea pale jiwe kubwa lilipobonyezwa kwenye mwamba na kuruka kidogokidogo. Ziko za aina mbalimbali, na ncha zake hazielekei upande uleule katika kila aina, hivyo msomaji wake anapaswa kwanza kuitambua aina iliyo mbele yake.

Alama ya tatu ni umbo la bonde. Mto wa maji hukata chini, na bonde lake la mlimani huwa jembamba, mfano wa herufi V. Mto wa barafu hujaza bonde lote na kulisugua sakafuni na kutani, hata likawa pana lenye kuta zilizosimama, mfano wa herufi U. Bonde la Teleki na Bonde la Gorges katika Mlima Kenya ni mifano inayojulikana vema.

Mahali barafu ilipochimba zaidi hubaki bakuli ndani ya mwamba, na bakuli hilo likijaa maji huwa ziwa dogo. Ziwa Michaelson na vijiziwa vingine vilivyo karibu na vilele vya Mlima Kenya ni kazi ya barafu.

Alama ya nne ni matuta ya kifusi, ambayo wanajiolojia huyaita moreni. Barafu hubeba mawe, changarawe na udongo bila kuchagua, kisha huvimwaga pembeni na mbele pale inapoishia. Barafu ikirudi nyuma, tuta hubaki likiwa limevuka bonde kama boma. Tuta hilo ni mpaka wa milki ya barafu ya wakati ule.

Alama ya tano ni mawe mageni, yaani mawe yaliyolala juu ya mwamba usio wa aina yake. Ikijulikana mwamba mama wa jiwe hilo uko wapi, safari nzima hujulikana.

Mfano mzuri una jina la Afrika Mashariki. Kama vile tanzanaiti ya Mererani ilivyopewa jina la nchi, mwanajiolojia wa Uingereza, John Walter Gregory, aliupa mwamba mmoja wa volkano jina la kenyaiti kutokana na Mlima Kenya. Baadaye kenyaiti ilionekana pia katika Kisiwa cha Ross, Antaktika, kwenye mlima wa volkano wa Erebus.

Vipande vya mwamba huo vilipokutwa ng'ambo ya Ghuba ya McMurdo, katika mabonde makavu ya bara, vilikuwa ushahidi kwamba zamani barafu ilitoka upande wa kisiwa, ikaivuka ghuba na kuingia mabondeni. Hivyo jina la mlima wa ikweta linatumika kueleza mwendo wa barafu karibu na ncha ya kusini ya dunia.

Kilimanjaro, Kenya na Rwenzori

Habari za barafu ya Afrika Mashariki zilianza kwa ubishi. Mmisionari Johannes Rebmann alipoandika kwamba ameona theluji juu ya Kilimanjaro mwezi Mei 1848, baadhi ya wasomi wa Ulaya walimpinga, wakiona haiwezekani theluji kudumu karibu na ikweta. Wenyeji wa miteremko ya mlima huo hawakuwa na shaka, kwa kuwa walikuwa wakiiona kila siku.

Gregory alipofika Mlima Kenya mwaka 1893 alikwenda hatua moja mbele. Aliona matuta ya kifusi mbali chini ya barafu ya wakati huo, akatambua kwamba zamani barafu ilikuwa kubwa zaidi. Leo inajulikana kuwa barafu ya mlima huo iliwahi kuteremka zaidi ya kilomita moja kwa kimo chini ya ile iliyopo sasa.

Katika Rwenzori, mpakani mwa Uganda na Kongo, barafu iliteremka zaidi. Matuta yaliyo karibu na Ziwa Mahoma na katika bonde la Mubuku yanaonyesha kwamba ilifika chini ya mita 2,500 kutoka usawa wa bahari, mahali ambapo leo pamefunikwa na misitu.

Kwa upande wa Kilimanjaro, mwanajiolojia Charles Downie alichapisha mwaka 1964 maelezo ya vipindi kadhaa vya barafu mlimani hapo, akitumia matuta na miamba iliyochongwa. Ilibainika kwamba barafu haikuja mara moja na kuondoka mara moja, bali ilipanuka na kurudi nyuma mara kadhaa.

Swali la lini lilisubiri mbinu mpya. Jiwe linapoachwa juu ya tuta, huanza kupigwa na miale inayotoka anga za mbali. Miale hiyo hutengeneza ndani ya jiwe kiasi kidogo sana cha atomi maalumu, na kiasi hicho huongezeka kadiri miaka inavyopita. Kwa kuzihesabu atomi hizo maabara, hujulikana jiwe limekaa juani muda gani tangu barafu ilipoliacha.

Mwaka 2000 watafiti Timothy Shanahan na Marek Zreda walichapisha umri wa matuta ya Mlima Kenya na Kilimanjaro uliopimwa kwa njia hiyo. Baadhi ya matuta hayo yalikuwa na umri wa karibu miaka 20,000, wakati ambapo barafu kubwa zilifunika pia sehemu za kaskazini za Ulaya na Amerika. Kwa maneno mengine, baridi ile haikuishia nchi za mbali. Ilifika hata ikweta.

Barafu iliyobaki leo ni kidogo. Mwaka 1912 Kilimanjaro ilikuwa na takriban kilomita 12 za mraba za barafu. Kufikia mwaka 2007 zilikuwa zimebaki pungufu ya kilomita mbili za mraba. Barafu ya Lewis katika Mlima Kenya ilipoteza karibu asilimia 90 ya ujazo wake kati ya mwaka 1934 na 2010.

Mwaka 2022 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO) lilitahadharisha kwamba barafu za Kilimanjaro na Mlima Kenya huenda zikatoweka ifikapo mwaka 2050.

Barafu ya kale kuliko milima

Kabla milima hiyo haijazaliwa, barafu nyingine ilikwisha kupita. Kusini mwa Tanzania, katika bonde la Ruhuhu, tabaka za chini kabisa za miamba iliyo na makaa ya mawe zina mchanganyiko wa mawe na udongo uliogeuka kuwa mwamba. Wanajiolojia wanauhusisha na barafu ya takriban miaka milioni 300 iliyopita.

Wakati huo Afrika, Amerika ya Kusini, India, Australia na Antaktika zilikuwa bara moja, Gondwana, na sehemu kubwa ya bara hilo ilikuwa karibu na ncha ya kusini. Huko Nooitgedacht, karibu na Kimberley, Afrika Kusini, mwamba uliosuguliwa na barafu hiyo bado unaonekana. Watu wa kale waliupenda ulaini wake hata wakachora juu yake picha.

Alama hizo zilisaidia kubadili fikra za dunia. Kwenye ramani ya leo, baadhi ya michirizi ya Gondwana inaonekana kana kwamba barafu ilipanda nchi kavu ikitokea baharini, jambo lisiloelezeka kirahisi. Mabara yakirudishwa pamoja, michirizi hupangika na barafu huonekana ikitawanyika kutoka nchi kavu. Mjerumani Alfred Wegener, aliyetangaza mwaka 1912 hoja kwamba mabara husafiri, aliitumia barafu hiyo kuwa miongoni mwa ushahidi wake.

Si kila jiwe laini ni la barafu

Elimu hii ina mitego. Mawe makubwa ya mviringo yanayopendezesha Mwanza na Singida hayakuviringishwa na barafu. Ni matale yaliyoliwa na maji ya mvua na mabadiliko ya joto kwa muda mrefu mno. Maji yalipenya katika nyufa, yakaozesha pembe kwanza, na mawe yakabaki yamebebana kama mayai kwenye kiota. Hayana michirizi iliyolala upande mmoja, wala hayana ugeni, kwa kuwa mengi yako palepale yalipozaliwa.

Mlima Hanang nao, wenye urefu wa takriban mita 3,420, haumo katika orodha ya milima ya Afrika Mashariki inayojulikana kuwa iliwahi kubeba mito ya barafu. Ni kweli kwamba ndimi za barafu katika Mlima Kenya zilishuka hata chini ya kimo hicho, lakini zilizaliwa juu zaidi, kwenye vilele vinavyokaribia au kuzidi mita 5,000. Hanang haikuwa na chimbuko la namna hiyo.

Hata hivyo, chini ya Hanang kuna mawe makubwa yaliyochanganyika na udongo, na asiyejua anaweza kuyafananisha na moreni. Asili ya mchanganyiko wa namna hiyo ilionekana wazi Desemba 3, 2023. Baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu iliyojaa maji ilimeguka. Tope, mawe na magogo viliteremka hadi Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 walipoteza maisha.

Tope zito hufanana na barafu kwa jambo moja kubwa: halichagui. Mto wa kawaida hupanga mzigo wake, mawe mahali pake na mchanga mahali pake. Tope na barafu hubeba jiwe la ukubwa wa nyumba pamoja na vumbi, na kuviacha vimechanganyika.

Tofauti hupatikana kwa kutazama mambo mengine. Barafu huacha mwamba uliosuguliwa chini ya kifusi, mawe yenye nyuso zilizokatwa bapa na kuchorwa michirizi, bonde lenye umbo la U, na matuta yaliyovuka bonde. Tope hufuata korongo lililopo, huacha kingo za mawe pande zote mbili za njia yake, na hutandaza mzigo wake kama kipepeo cha mkono pale mteremko unapokwisha. Kwa kuwa mawe yaliyobebwa na tope nayo huweza kukwaruzana, alama moja haitoshi. Ushahidi hukamilika zinapoonekana nyingi kwa pamoja.

Tofauti hiyo ina uzito kwa maisha ya watu. Tuta la barafu katika Kilimanjaro ni kumbukumbu ya jambo lililokwisha, na haitegemewi kwamba barafu itarudi kesho kulivuka. Kifusi cha tope chini ya mlima wenye miteremko mikali ni kumbukumbu ya jambo linaloweza kujirudia msimu wowote wa mvua nyingi.

Kazi ya kuchora ramani za miamba nchini ni ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania (GST), yenye makao yake makuu Dodoma. Ramani zinazotenganisha mwamba imara na kifusi cha maporomoko ni nyenzo muhimu kwa halmashauri zinazopima viwanja, shule na zahanati chini ya milima.

Mwananchi naye anaweza kuanza kwa kutazama. Anayechimba msingi wa nyumba na kukuta mawe makubwa yamezama ndani ya udongo, mbali na mto na mbali na genge, amepata habari. Mawe hayo hayakujileta. Kabla ya kumwaga zege, ni busara kuuliza yalikuja kwa njia gani, na kama njia hiyo bado iko wazi.